Dornach: Mwalimu Aliyeacha Funguo Tatu

Tarehe 30 Machi 2025 ilitimia miaka 100 tangu Rudolf Steiner, mwalimu aliyeanzisha mafundisho ya kiroho yaitwayo antroposofia, akate roho ndani ya karakana yake pale Dornach, kijiji cha Uswisi kilicho kusini kidogo ya jiji la Basel. Kumbukumbu nyingi nilizosoma zilihesabu mavuno yake: shule za Waldorf zaidi ya 1,000 duniani, mashamba ya biodainamiki (kilimo kinachofuata mafundisho yake) yenye alama ya Demeter, dawa na vipodozi vya Weleda, kliniki, makazi ya watoto wenye ulemavu. Chama chenyewe alichokiacha, yaani Jumuiya ya Antroposofia, kilipewa mistari miwili mitatu tu, yote ya kusikitika: ni chama cha kiroho ambacho hakijaacha kugombana tangu mwasisi afumbe macho. Wasiokipenda wanacheka kwamba hao ndio waliojidai kuijua roho, kumbe wanagombea viti kama madiwani. Wanaokipenda wanainamisha vichwa na kusema zilikuwa tofauti za haiba, wale wazee walikuwa wagumu, yamepita. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba tatizo lilikuwa watu. Mimi naona tatizo lilikuwa katiba, na kwa sehemu kubwa bado ni katiba. Mwalimu alikalia viti vitatu kwa wakati mmoja, hakusema nani akae wapi baada yake, na neno la mwisho likabaki kwa yeyote aliyeweza kufika ukumbini siku ya kura.

Kwetu huku habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Nje kidogo ya Nairobi kuna Shule ya Rudolf Steiner ya Mbagathi, iliyoanza 1989, na Dar es Salaam kuna Hekima. Shule hizo si matawi ya Jumuiya. Zina bodi zake, na mzazi anaweza kulipa ada mpaka mtoto akamaliza bila kulisikia jina la Dornach. Kwa hiyo anayezibebesha shule hizo ugomvi wa Uswisi anazionea. Lakini wako pia Waafrika wenye kadi za Jumuiya yenyewe, na hao ugomvi huu unawahusu moja kwa moja, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze nyuma kidogo. Kuanzia 1902 Steiner alikuwa katibu mkuu wa tawi la Ujerumani la Jumuiya ya Teosofia, chama kingine cha kiroho, ambayo makao yake yalikuwa Adyar, India, na ambayo tangu 1907 rais wake alikuwa Annie Besant. Besant na wenzake walipoanza kumtangaza kijana wa Kihindi, Jiddu Krishnamurti, kuwa ndiye chombo cha mwalimu wa ulimwengu anayekuja, Steiner aligoma. Desemba 1912 wafuasi wake wakaunda Jumuiya ya Antroposofia mjini Cologne, na miezi michache baadaye Adyar ikafuta hati ya tawi lake. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kwamba Steiner hakuchukua uongozi wa chama hicho kipya, na hata uanachama hakuwa nao. Yeye alifundisha, na chama kikawa cha wanafunzi. Nadhani alijua alichokuwa anakikimbia. Mtu aliyetoka kumwona rais wa chama akitumia kiti chake kutangaza ufunuo alikuwa na kila sababu ya kuviweka mbalimbali vitu hivyo viwili.

Utengano huo ulidumu miaka kumi na kidogo, na haukuwa wa raha. Chama kilikua, miradi ikazaliwa kila upande, viongozi waliochaguliwa wakashindwa kwenda na kasi ya mwalimu. Kisha usiku wa kuamkia 1923 Goetheanum, makao yao pale Dornach, jengo la mbao walilolijenga kwa mikono yao kwa miaka, likateketea kwa moto. Krismasi ya mwaka huo watu wapatao 800 walijibana katika karakana ya useremala iliyosalimika kando ya magofu. Humo Steiner akakianzisha chama upya, na safari hii akakubali kuwa mwenyekiti.

Katiba iliyosomwa pale ilikuwa na vifungu 15, na nikiri kwamba ni nzuri kuliko katiba nyingi za vyama vya dini ninazozifahamu. Inasema chama si cha siri bali kiko wazi. Inasema yeyote anaweza kujiunga bila kuulizwa taifa wala dini, ilmradi anaona kwamba taasisi ya aina ya Goetheanum ina haki ya kuwepo. Inakataza mafundisho ya kulazimishana. Ila ndani ya chama hicho cha wazi kuliwekwa chuo, chenye idara zake na Darasa la Kwanza, yaani mafunzo ya ndani ya waliopokewa, na huko hakukuwa na uchaguzi: kiongozi wa chuo ndiye aliyepokea watu na kuteua wakuu wa idara. Hata halmashauri ya watu watano wa kukaa naye haikutokana na kinyang'anyiro. Aliwataja, na mkutano ukaridhia kwa furaha: Albert Steffen, mshairi, Marie Steiner, mkewe, Ita Wegman, daktari, Elisabeth Vreede, mtaalamu wa hisabati na nyota, na Guenther Wachsmuth, mtunza hazina. Nyumba moja ikawa na sheria mbili. Sebuleni watu wanapiga kura, chumba cha ndani mtu anateuliwa. Daraja kati ya vyumba hivyo lilikuwa mwili wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amebakiwa na miezi 15 ya kuishi.

Tarehe 8 Februari 1925, Steiner akiwa kitandani na hawezi kuhudhuria, kilifanyika kikao ambacho wanasheria wa Dornach wamekijadili hadi karne hii. Kulikuwa na chama kingine, kilichosajiliwa, ambacho kazi yake ilikuwa kumiliki jengo. Siku hiyo chama hicho cha jengo kikabadilishiwa jina na kuitwa Jumuiya Kuu ya Antroposofia. Je, ile Jumuiya ya Krismasi ilimezwa humo, au iliendelea kuishi kivyake, au ilikufa bila mtu kutoa taarifa ya msiba? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 swali hilo lilifika mbele ya mahakama za Solothurn, jimbo ambalo Dornach imo, karibu miaka 80 baada ya kikao chenyewe. Wako wanaoliona kama mchezo wa wapenda vifungu. Mimi naliona kama ushahidi: chama kisichojua kwa hakika kilizaliwa siku gani hakiwezi kujua kwa hakika nani ana haki ya kumfukuza nani.

Wiki saba baada ya kikao hicho mwenyekiti alifariki, hakuacha mrithi aliyemtaja. Kilichoachwa kilikuwa funguo, na kila ufunguo ulikuwa halali. Steffen alikuwa makamu, na Desemba 1925 akachaguliwa mwenyekiti, hivyo akashika ufunguo wa chama. Wegman alikuwa amewekwa na Steiner mwenyewe kuongoza pamoja naye Darasa la Kwanza, hivyo alikuwa na ufunguo wa chuo. Marie Steiner alirithi kwa wosia maandishi yote ya mumewe, yaani maneno yenyewe ambayo chama na chuo vilisimama juu yake. Wahenga wanasema mafahari wawili hawakai zizi moja. Hapa walikuwa watatu, na zizi lenyewe lina hati yenye utata. Ukitaka kumlaumu mtu, lazima uonyeshe ni yupi kati yao alidai kisichokuwa chake, na nijuavyo mimi hilo halijaonyeshwa kwa namna ya kuwaridhisha wengine wawili.

Kuvuta na kuvutana kulichukua miaka kumi. Kabla ya mkutano mkuu wa 1935 kilisambazwa kitabu kizima cha mashtaka dhidi ya Wegman na waliomuunga mkono. Tarehe 14 Aprili wengi ukumbini wakainua mikono: Wegman na Vreede watolewe katika halmashauri. Hawakuishia hapo. Walifukuzwa pia watu kama F. W. Zeylmans van Emmichoven, daktari aliyeongoza chama cha Uholanzi, na D. N. Dunlop, aliyeongoza cha Uingereza, na makundi yao yakakatwa pamoja nao. Dunlop alifariki Mei 30, wiki sita na nusu baada ya kura. Novemba mwaka huo huo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakaipiga marufuku Jumuiya nchini Ujerumani, kwenye wanachama wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Sisemi jambo moja lilileta jingine. Nasema chama kilichokuwa kimetoka kujikata mikono ya Uholanzi na Uingereza kilijikuta ndani ya miezi saba kinazihitaji.

Hapo ndipo hoja ya haiba inapopaswa kupimwa, maana ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema Wegman alikuwa na pupa, Marie Steiner mkali, Steffen mtu wa kununa. Huenda kila mmoja alikuwa hivyo. Lakini kama ugomvi ulikuwa wa watu wale, ungezikwa nao. Wegman na Vreede walifariki 1943. Marie Steiner alifariki Desemba 1948, akiwa tayari amekosana na Steffen, aliyekuwa upande mmoja naye 1935, na akiwa ameunda taasisi ya mirathi ya kuchapisha kazi za mumewe. Mbaya wao wa pamoja, Wegman, alipokwisha ondoka, funguo mbili zilizobaki zikageukiana. Chama kikadai maandishi, taasisi ya mirathi ikadai wosia, wakafikishana mahakamani, mirathi ikashinda.

Kilichofuata nakiona kuwa sura ya kusisimua kuliko zote, ingawa hakina kelele za 1935. Goetheanum ikaacha kuuza vitabu vilivyochapwa na mirathi. Fikiria mgeni aliyesafiri siku mbili kwa treni. Anapanda kilima kutoka stesheni, anaingia katika jengo kubwa la zege ambalo Steiner alilibuni badala ya lile lililoungua, anafika kwenye meza ya vitabu na kuomba toleo jipya la mihadhara ya Steiner. Hakuna. Linachapwa kijijini humo humo, ila kwenye meza hii halikanyagi. Hali hiyo iliendelea hadi 1968, na siku halmashauri ilipoamua hatimaye kuviruhusu vitabu hivyo, wako waliojitenga kwa sababu waliona kanuni imesalitiwa. Kufikia wakati huo Wegman alikuwa kaburini miaka 25, Marie Steiner karibu 20, na Steffen naye alikuwa amefariki tangu 1963. Haiba gani hiyo isiyokufa na wenyewe?

Zipo hoja nzito zaidi za upande wa pili, na hizo sizipiti juu juu. Ya kwanza inasema ukweli wa kiroho haupigiwi kura. Nakubaliana nayo kabisa. Mkutano mkuu hauwezi kuamua kama Steiner aliona alichosema ameona. Lakini tazama vilivyokuwa mezani 1935, katika kesi ya maandishi na baadaye: nani anasaini hundi, nani anaitisha kikao, nani anapokea mtu darasani, kitabu gani kinauzwa. Hivyo si siri za mbinguni. Anayesema mambo ya roho yasipigiwe kura, halafu anatumia kura kumtoa mwenzake chuoni, ameivunja kanuni yake kwa mkono wake mwenyewe. Kosa la 1935 kwa maoni yangu lilikuwa hasa hilo: sebule ilipiga kura juu ya chumba cha ndani, kwa sababu katiba haikuweka mlango kati yao.

Kisha ikaja Machi 2018, tukio ambalo lilieleweka vibaya zaidi. Paul Mackay na Bodo von Plato, wajumbe wa miaka mingi wa halmashauri, waliombewa kwa mkutano mkuu muhula mwingine wa miaka 7. Mkutano ukakataa. Nje kulisemwa maneno ya mapinduzi, ya wahafidhina kuwashinda wapenda mabadiliko, na kadhalika. Wakosoaji wanaopenda kukiita chama hiki kundi la wafuasi vipofu walikaa kimya, na si ajabu, maana sijui kundi gani la wafuasi vipofu huwanyima viongozi wake kura na viongozi hao wakafungasha wakaondoka. Mkutano huo huo, katika hoja nyingine, ulitangaza kuufuta uamuzi wa kuwatoa Wegman na Vreede. Miaka 83 ilikuwa imepita. Watu walilia, na sina shaka machozi yalikuwa ya kweli. Ila tuangalie hesabu. Jumuiya ina wanachama wapatao 40,000. Ukumbi mkubwa wa Goetheanum una viti karibu 1,000. Hata ukijaa pomoni, ni wastani wa mtu mmoja kati ya 40. Waliowatoa wawili wa 2018, na waliowarudishia heshima wawili wa 1935, walikuwa ukumbi mmoja, kwa sheria ile ile ya waliohudhuria, iliyotumika 1935.

Sheria ya Uswisi ndiyo inayoanza hivyo: katika chama, wanachama wana kura sawa, na uamuzi hupita kwa wingi wa waliohudhuria. Kwenye kikundi cha nyimbo cha kijiji cha Alps hiyo ni haki tupu. Kwenye chama cha dunia nzima, usawa huo unaishia kwenye nauli. Mwanachama wa Basel anapanda tramu namba 10, anashuka Dornach, anapanda kilima, anapiga kura, jioni yuko kwake anakunywa supu. Mwanachama wa Nairobi anahitaji viza ya Schengen, taarifa za benki za miezi kadhaa, bima ya safari, tiketi na siku za ruhusa kazini, na akinyimwa viza harudishiwi ada ya maombi. Kadi zao zinafanana. Inatia uchungu kidogo kukumbuka kwamba Zeylmans, yule Mholanzi aliyefukuzwa 1935 na akarudisha chama chake katika Jumuiya 1960, alifia Cape Town mwaka uliofuata, akiwa katika ziara. Yeye alikuja huku. Katiba haijawahi kuja.

Hoja ya pili ni ya wanaotetea ukumbi, na ni jibu la maana. Wanasema anayekuja amesikiliza, ameulizwa na ameuliza, amekaa siku tatu na watu ambao hakubaliani nao. Anayepiga kura kwa posta au kwa simu amesoma waraka wa kundi lake tu. Wanaongeza kwamba utaratibu wa wajumbe wa nchi ungezaa kampeni na kambi, na Ujerumani, yenye wanachama wengi zaidi, ingemeza wote. Nimelitafakari hili kwa sababu nimewahi kukaa kwenye chama cha kuzikana cha mtaani ambacho nacho kiliamini katika waliohudhuria. Jumamosi moja, saa nane mchana, akidi ikiwa imetimia kwa vichwa vinne, tulipitisha kwamba aliyekosa vikao vitatu afutwe daftarini. Karibu wote waliofutwa walikuwa waliohamia pembeni ya mji kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda. Tulikuwa tumejadiliana vizuri sana, kwa upole, na kwa kusikilizana. Ubora wa mjadala wetu haukuwasaidia kitu waliokosekana. Uliturahisishia sisi dhamiri tu.

Hata hivyo siamini kwamba kura ya mbali peke yake ingemaliza ugonjwa huu, na wanaoipigia debe kama dawa ya yote wanakosea kama wale wa haiba. Ukiwapa watu 40,000 kura juu ya chuo cha ndani, umeirudia 1935 kwa mikono mingi zaidi. Kinachotakiwa kwanza ni kuandika kwa wino kile ambacho Steiner alikibeba kifuani: mkutano mkuu unaamua nini na hauamui nini, mkuu wa idara anatolewa na nani, kwa kosa gani, na anakata rufaa wapi, nani akae kwenye kiti cha kusuluhisha pale halmashauri yenyewe inapokuwa mdaawa. Mwaka 1935 Wegman hakuwa na pa kukata rufaa isipokuwa kwa wale wale waliomwinulia mikono. Mackay na von Plato nao, 2018, hawakuwa na zaidi ya hapo, ingawa tofauti ni kubwa: wao waliombewa muhula wakanyimwa, yeye alinyang'anywa alichopewa na mwalimu.

Baada ya mipaka hiyo ndipo swali la nani apige kura linapata maana, na hapo nauli ya mtu wa Nairobi, São Paulo au Manila isiwe tena kigezo cha uanachama wake. Sheria ya Uswisi haizuii chama kuandika katika katiba yake mkutano wa wajumbe. Kura za nchi kubwa zinaweza kuwekewa kikomo, kama vyama vingine vya kimataifa vinavyofanya. Makatibu wakuu wa nchi tayari hukutana Dornach na kushauri, kwa hiyo si kwamba sura za mbali hazijulikani pale. Kikwazo kiko mahali pengine. Ili hoja ya namna hiyo ipite, sharti kwanza iwasilishwe kilimani, katika ukumbi ule wa viti karibu 1,000, na ikubaliwe na wingi wa watu walioweza kufika.